Treni ya Mvuke Bustanini: Mwongozo wa Abiria Anayetaka Kuona

Katika bustani kubwa za burudani za Marekani, wageni wengi huikumbuka treni pale miguu inapoanza kuuma. Jua limewaka, watoto wamechoka, foleni za michezo mingine hazisogei. Basi familia inajitupa kwenye behewa, inapumzika mzunguko mmoja, kisha inashuka na kuendelea na mambo yake. Kupumzika si kosa. Ila anayepanda hivyo anapitwa na kitu chenye thamani kubwa kuliko karibu vyote alivyolipia kiingilio. Kichwa cha treni kinachomvuta huwa mara nyingi ni mashine ya kweli, yenye moto wa kweli unaochemsha maji ya kweli, na pengine kilivuta miwa, mbao au mizigo ya jeshi miaka mingi kabla ya kupelekwa bustanini.

Mwongozo huu nimekuandikia wewe unayepanga safari ya huko, au unayeishi huko na unatafuta pa kuwapeleka watoto mwishoni mwa juma. Ukiufuata, utajua bustani ipi itakufaa, utatambua mvuke wa kweli na wa kuigiza, na utaelewa mashine inafanya nini mbele ya macho yako.

Chagua bustani kwa historia ya vichwa vyake

Njia nyingi za reli za bustanini zina upana wa futi tatu, yaani milimita 914. Kama umewahi kusafiri kwa treni ya reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, au kwa treni ya zamani ya Mombasa na Nairobi kabla ya SGR, ukubwa unaokaribiana na huu macho yako yanaujua, kwa sababu reli zile zina upana wa milimita 1,000. Reli nyembamba ilipendwa na wenye mashamba, migodi na viwanda vya mbao kwa kuwa gharama yake ni ndogo na treni yake hukata kona kali. Bustani nayo inahitaji kona kali. Kwa hiyo reli za Marekani zilipohamia dizeli katikati ya karne iliyopita na vichwa vidogo vya mvuke vikaanza kuuzwa kama chuma chakavu, wenye bustani walipata hasa walichokuwa wakikitafuta. Vingi kati ya vichwa utakavyoviona viko hai leo kwa sababu hiyo tu.

Disneyland, Anaheim, California. Reli hii ilianza kazi tarehe 17 Julai 1955, siku bustani ilipofunguliwa. Inaizunguka bustani kwa karibu kilomita 2, na vichwa vyake vyote 5 ni vya mvuke. Viwili vya kwanza, C.K. Holliday na E.P. Ripley, vilijengwa na kampuni ya Walt Disney mwenyewe, mtu aliyependa treni kiasi cha kujijengea reli ndogo ya mvuke nyumbani kwake. Vitatu vilivyofuata ni vikongwe vya kiwanda cha Baldwin cha Pennsylvania. Fred Gurley kilijengwa 1894 na kilivuta miwa Louisiana, Ernest S. Marsh cha 1925 kilivuta mchanga New Jersey. Ward Kimball cha 1902 kilianza kazi hapo 2005. Tangu 2009 vichwa hivi vinachoma dizeli iliyotengenezwa kwa mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika.

Magic Kingdom, Walt Disney World, Florida. Vichwa 4 vya hapa, vyote vya Baldwin, vilijengwa kati ya 1916 na 1928 na vilimaliza utumishi wao katika reli za Yucatán, Mexico. Vilinunuliwa 1969, vikafufuliwa katika karakana ya meli mjini Tampa, na vikawa tayari bustani ilipofunguliwa Oktoba 1971.

Knott's Berry Farm, Buena Park, California. Ukipenda ukongwe, nenda hapa. Reli yake, Ghost Town & Calico, ilianza 1952, miaka 3 kabla ya Disneyland. Vichwa vyake viwili vikuu vilijengwa 1881 kwa reli za milimani za Colorado. Fikiria: vilikuwa vimefanya kazi miaka 15 kabla ujenzi wa Reli ya Uganda haujaanza Mombasa 1896.

Tweetsie Railroad, North Carolina, na Dollywood, Tennessee. Hizi zitamgusa zaidi msomaji wa Afrika Mashariki. Kichwa namba 190 cha Tweetsie na namba 192 cha Dollywood, kiitwacho Klondike Katie, vilijengwa 1943 kwa ajili ya jeshi la Marekani, vikatumika katika reli ya White Pass and Yukon kati ya Alaska na Kanada. Muundo wake ulipewa jina la Jenerali MacArthur. Baada ya vita, vichwa vya muundo huohuo, vya upana wa mita moja, vilinunuliwa na Reli ya Tanganyika, na baadaye vikaitwa daraja la 27 katika reli za Afrika Mashariki. Ukisimama mbele ya Klondike Katie unatazama ndugu wa mashine zilizowahi kuvuta mizigo yetu. Tweetsie pia ina kichwa namba 12 cha 1917, kilichozaliwa kwa ajili ya milima hiyohiyo ya North Carolina na Tennessee.

Hakikisha mvuke utakuwepo siku hiyo

Boila, yaani pipa la kuchemshia maji, hufungwa na kukaguliwa, na reli husimama ujenzi unapopita njiani. Reli ya Disneyland ilifungwa kuanzia Januari 2016 hadi Julai 2017. Ya Magic Kingdom ilisimama Desemba 2018 na haikurudi hadi Desemba 2022. Kwa hiyo tazama ratiba ya bustani kabla ya kulipa, na ikiwa treni ndiyo sababu ya safari yako, piga simu uulize waziwazi: je, siku hiyo treni itavutwa na kichwa cha mvuke? Uliza hivyo kwa sababu baadhi ya bustani zina chombo kingine cha akiba. Knott's, kwa mfano, ina gari la reli la injini ya mafuta liitwalo Galloping Goose, ambalo huweza kutumika siku zenye wageni wachache. Hapo Jumamosi yenye watu wengi itakufaa kuliko Jumatano tulivu.

Jihadhari pia na umbo. Bustani nyingine duniani zina vichwa vyenye dohani, kengele na honi, lakini ndani mna injini ya dizeli. Reli ya Hong Kong Disneyland ni mfano mmoja. Kutofautisha si kazi ngumu. Tazama chini, mbele ya magurudumu makubwa, zilipo silinda: kichwa cha mvuke kikianza kuondoka hutema mvuke na matone ya maji pale. Sikiliza kikiwa kimesimama: dizeli hunguruma mfululizo, mvuke huchemka na kupumua. Sogea karibu kadiri unavyoruhusiwa uone kama joto linakufikia usoni. Ukimwona mfanyakazi ameshika kopo la mafuta akilainisha viungo vya magurudumu, na mwingine akijaza maji tangi, umefika penyewe.

Elewa kinachotokea ndani

Abiria anayejua mambo matano yafuatayo huona treni tofauti kabisa na anayeona moshi tu.

La kwanza ni moto. Nyuma ya kichwa, miguuni pa wafanyakazi, kuna tanuri. Moto wake uwe wa makaa ya mawe au wa mafuta, hewa yake ya moto hupita katika mabomba mengi membamba yaliyozungukwa na maji, ndani ya lile pipa refu unaloliona kwa nje. Hilo ndilo boila. Hewa hiyo huacha joto lake kwenye maji, kisha hutokea mbele kwenye dohani.

La pili ni nguvu ya mvuke. Lita moja ya maji ikichemka katika presha ya kawaida huwa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Ndani ya boila mvuke hauna pa kutanukia, kwa hiyo presha hupanda. Dereva akivuta mkono wa kufungulia, mvuke huo hukimbilia kwenye silinda mbili, kulia na kushoto, na kusukuma pistoni mbele na nyuma. Vyuma virefu unavyoviona vikipanda na kushuka ubavuni ndivyo vinavyogeuza mwendo huo kuwa mzunguko wa magurudumu.

La tatu ni ule mlio. Mvuke ukimaliza kazi kwenye silinda hautupwi hovyo. Hupulizwa kwenda juu kupitia dohani, na unapotoka kwa kasi huvuta hewa mpya kupita ndani ya moto, kama mivukuto ya mhunzi. Kila mlio unaousikia ni mvuke uliotumika unaochochea moto wa mvuke ujao. Ndiyo maana kichwa kikipanda mlima na kufanya kazi ngumu, moto wake nao huwaka zaidi bila kuambiwa. Milio hii huwa minne kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu makubwa. Hesabu treni inapoondoka polepole kituoni, utaipata bila shida.

La nne ni maji. Dari ya tanuri lazima ifunikwe na maji wakati wote. Yakipungua na chuma kile kikabaki wazi juu ya moto, kinaweza kulainika na boila ikapasuka, na ajali ya namna hiyo huua. Kwa hiyo mchochea moto hayatoi macho yake kwenye kioo kidogo cha kipimo cha maji. Na presha ikizidi, valvu ya usalama juu ya boila hufunguka yenyewe kwa kishindo cha mvuke mweupe. Usishtuke, hiyo ni kazi yake.

La tano ni kwamba mashine hii huendeshwa na watu wawili. Huko Marekani dereva hukaa kulia na mchochea moto kushoto. Dereva anatumia mvuke, mchochea moto anautengeneza, na kila mmoja lazima ajue mwenzake atafanya nini dakika moja ijayo. Ukitaka kuona ustadi huo, tazama dohani: moshi mweusi mzito humaanisha moto haupati hewa ya kutosha au mafuta yamezidi. Wafanyakazi hodari hupita mbele yako na ukungu mwepesi tu.

Soma magurudumu

Wapenzi wa treni hutaja kichwa kwa kuhesabu magurudumu ya pande zote mbili: ya mbele yanayoongoza, makubwa yanayovuta, na ya nyuma yanayobeba. C.K. Holliday ni 4-4-0: manne ya mbele, manne ya kuvuta, na nyuma hakuna. Umbo hili lilienea sana katika reli za Marekani karne ya 19. Klondike Katie ni 2-8-2. Magurudumu manane ya kuvuta yanakwambia papo hapo kwamba kichwa hiki kilijengwa kwa mizigo mizito na milima. Wafundishe watoto hesabu hii na kila kichwa mtakachokutana nacho kitakuwa na la kuwaambia.

Mahali pa kusimama na pa kukaa

Fika bustani inapofunguliwa. Kichwa kilicholala baridi huhitaji saa kadhaa kupata presha, kwa hiyo wafanyakazi wake wameamka mapema sana, na asubuhi utawakuta wakikagua na kulainisha vyuma huku foleni ikiwa fupi. Usipande treni ya kwanza. Simama kwenye jukwaa karibu na mbele, uiangalie ikiingia, ikisimama na kuondoka, kisha upande inayofuata.

Ukitaka kusikia mashine, chagua behewa la kwanza nyuma ya kichwa. Ukitaka kuiona, kaa la mwisho, uitazame ikijikunja mbele yako kwenye kona. Disneyland mabehewa mengi yana viti vinavyotazama kulia, upande wa ndani wa bustani, na huko ndiko utakakoona picha kubwa ya Grand Canyon iliyowekwa 1958 na sanamu za dinosaria zilizoongezwa 1966. Hapohapo Disneyland, kaa macho kwenye kituo cha New Orleans Square. Vichwa huongezwa maji hapo, na kimya cha kusubiri kinakupa nafasi ya kuwatazama wafanyakazi kwa makini.

Ukitaka kusikia kichwa kikihema kwa kazi, nenda Dollywood. Safari yake ni ya karibu kilomita 8 na hupanda vilima vya Smoky Mountains, na katika mwinuko ndipo milio minne niliyoitaja husikika mizito na ya kutengana. Reli tambarare haiwezi kukupa hilo.

Jifunze lugha ya honi

Honi hupigwa kwa maana. Mlio mmoja mfupi: treni inasimama. Miwili mirefu: breki zimeachiwa, tunakwenda mbele. Mitatu mifupi treni ikiwa imesimama: tunarudi nyuma. Miwili mirefu, mmoja mfupi, kisha mmoja mrefu: tunakaribia makutano ya reli na barabara. Watoto huishika haraka, na mwisho wa mzunguko wataanza kukutangulia kwa kusema treni itafanya nini.

Ukiwa na watoto

Honi ya mvuke ina sauti kali kuliko wanavyotarajia wengi. Ziba masikio ya mtoto mchanga kabla ya treni kuondoka, na msiwe sambamba na silinda, kwa sababu mvuke unaotoka pale unaunguza. Mikono na vichwa vibaki ndani ya behewa muda wote. Treni ikiwa ya makaa ya mawe, kama ya Tweetsie, chembe za masizi huanguka. Epuka nguo nyeupe, vaa miwani, na ukiingiwa na chembe jichoni suuza kwa maji badala ya kusugua. Mtoto akiogopa, msimame mbali mwanzoni mtazame mizunguko kadhaa. Hofu ya mashine hii huisha mtoto akielezwa kila sauti inatoka wapi.

Zungumza na wafanyakazi

Subiri treni isimame na abiria washuke. Salimia kwanza. Kisha uliza maswali ambayo jibu lake liko mikononi mwao:

1. Kichwa hiki kilijengwa wapi na mwaka gani, na kilifanya kazi gani kabla ya kuja hapa?
2. Kinachoma nini, na mlianza kukiwasha saa ngapi leo?
3. Presha yake ya kazi ni kiasi gani?
4. Ni sehemu gani ya njia inayowapa kazi ngumu zaidi?
5. Mara ya mwisho boila ilifunguliwa kukarabatiwa lini, na nani alifanya kazi hiyo?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Mafundi wa boila ni wachache, na vipuri vya kichwa cha 1881 au 1925 haviuzwi dukani. Huchongwa upya, kimoja kimoja. Bustani zinazoendesha mvuke hulazimika kulea ufundi huu, kumfundisha kijana chini ya mkono wa mzee, miaka mingi baada ya reli kubwa kuuacha.

Ukirudi nyumbani

Usiache elimu hii iishie Marekani. Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililoanzishwa 1971, lina vichwa ambavyo bustani yoyote ile ingevionea fahari. Mfalme wao ni 5918 Mount Gelai, mmoja wa vichwa 34 vya daraja la 59 vilivyojengwa na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa reli za Afrika Mashariki. Kina uzito wa takribani tani 252, na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa kwetu. Hesabu magurudumu yake: 4-8-2 upande mmoja, 2-8-4 upande wa pili, jumla 28, boila moja ikiwa imening'inizwa katikati. Ilikuwa miongoni mwa mashine zenye nguvu zaidi zilizowahi kukanyaga reli ya mita moja popote duniani. Mtoto aliyeelewa Klondike Katie atasimama mbele ya Mount Gelai akijua tanuri liko wapi, silinda ziko wapi, na kwa nini ilihitaji magurudumu mengi hivyo.

Sema ulichokuja kutazama

Kila mwaka bustani yenye treni ya mvuke hukabiliwa na hesabu ileile: dizeli ni nafuu, haihitaji kuamshwa alfajiri, na abiria wengi hawatambui tofauti. Kinachoweza kuibadilisha hesabu hiyo ni abiria wanaotambua. Kabla ya kutoka, pita ofisi ya huduma kwa wageni. Taja kichwa kwa jina na namba, sema ulikuja kwa ajili ya mvuke, na uombe pongezi zako ziwafikie dereva, mchochea moto na mafundi wa karakana. Ukifika nyumbani andika barua au ujumbe wenye maneno hayohayo. Fanya hivyo Anaheim, fanya hivyo Dollywood, na fanya hivyo Nairobi. Vichwa hivi viliokolewa visigeuzwe chuma chakavu kwa sababu kulikuwa na watu waliotaka kuvipanda, na vitaendelea kuwashwa mradi watu hao waendelee kusikika.